Mkanda ukitoka na mabaka, soma alama kabla ya kubadilisha dawa

Wewe unayeanza kusafisha mikanda ya picha nyeusi na nyeupe hapa Dodoma, ukiona mabaka usikimbilie kumwaga dawa. Kausha mkanda, usimamishe mbele ya dirisha, uangalie alama imekaa wapi. Weusi ukifika hadi kwenye kingo na nafasi zilizo kati ya picha, huo ni mwanga uliovuja. Kwa kawaida dawa haiweki mabaka meusi mahali ambapo mwanga haukufika. Alama ikirudi sehemu ileile ya kila picha, chunguza kamera. Zikibaki alama za ndani ya picha zisizofuata mpangilio wa kamera, basi twende kwenye tanki, chombo kisichopitisha mwanga ambamo mkanda husafishwa.

Tafuta picha yenye anga kubwa. Anga letu la kiangazi, lisilo na wingu, halifichi kitu. Michirizi myeusi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni ni dalili kwamba unatikisa kwa nguvu mno. Ukingo mmoja wa mkanda ukiwa na weusi hafifu mwanzo hadi mwisho, dawa haikufunika rili, yaani kigurudumu kinachoshika mkanda ndani ya tanki: tanki nyingi za kampuni ya Paterson zinataka mililita 290 kwa mkanda mmoja wa milimita 35, na mimi huongeza kidogo. Vidoa vya mviringo vilivyo wazi ni mapovu. Gonga tanki mezani mara tu baada ya kumimina.

Kinachosumbua wengi hapa ni joto. Oktoba na Novemba maji ya bomba hayakaribii nyuzi 20. Mkanda wa HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya D-76 isiyoongezwa maji huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Joto likipanda, muda unashuka kuelekea dakika 5, na chini ya hapo sekunde chache za kumimina tayari zinaacha alama. Changanya dawa na maji nusu kwa nusu: muda unakuwa dakika 11, na hata kwa nyuzi 24 unabaki karibu dakika 8. Au weka chupa ya dawa na tanki kwenye beseni lenye barafu, upime kwa kipimajoto, si kwa kidole.

Kutikisa: pindua tanki taratibu mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, kisha vivyo hivyo kila dakika inapoanza. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu kwa kila mkanda, na ukiandike.

Mabaka yenye weupe kama wa maziwa yakionekana, rudisha mkanda kwenye fiksa mpya, ile dawa ya mwisho inayofanya picha isiathiriwe tena na mwanga. Hayo yanatibika hata mchana.