Tundu liko wapi kwenye begi? Majibu ya maswali yenu kuhusu filta za vumbi

Habari zenu mafundi, na shikamooni wazee wangu mliotangulia kwenye hii kazi. Safari hii maswali karibu yote yaliyoingia ni ya begi za filta, zile ndefu za kitambaa zinazoning'inia ndani ya nyumba ya filta kwenye viwanda vya saruji, chokaa, unga na chuma, na kilio ni kimoja, begi inatakiwa ikae miaka kadhaa lakini inaisha ndani ya miezi. Kabla sijaanza naomba kitu kimoja tu, begi ikitoboka msiitupe hapohapo, itandazeni chini sakafuni muiangalie tundu liko wapi, maana mara nyingi sana mahali pa tundu ndipo panapokuambia nini kimeila.

Shikamoo fundi. Sisi tuko kwenye kinu cha kusaga klinka (yale mawe ya saruji kabla hayajasagwa), begi zetu zinatoboka chini kabisa, kama sentimita 30 au 40 kutoka kitakoni, na safu zilizo karibu na mlango wa hewa ndio zinaumia zaidi. Tumebadilisha wauzaji wawili lakini hali ni ileile.

Marahaba mdogo wangu. Kubadilisha muuzaji hakutakusaidia kwa sababu ugonjwa hauko kwenye kitambaa. Vumbi la klinka ni msasa, na hewa ikiingia kwa kasi ikagonga safu za mbele moja kwa moja ni sawasawa na mtu anasugua begi kwa msasa masaa 24. Ingia ndani kiwanda kikiwa kimesimama uangalie ile sahani ya chuma ya mbele ya mlango, ile inayopokea hewa na kuitawanya, nimeshakuta mara nyingi imeliwa imebaki nusu, au imedondoka iko chini kwenye hopa, ile faneli kubwa ya chini inayopokea vumbi, na hakuna anayejua ilidondoka lini. Ipo? Nzima? Basi hamia kwenye hopa.

Hopa ndio watu wanaisahau. Kazi yake ni kupitisha vumbi sio kulitunza, sasa skrubu ya kutolea vumbi au rotari valvu ya chini, ile yenye mabawa yanayozunguka, ikikwama vumbi linapanda, linafika usawa wa mlango wa hewa, na hewa inayoingia inalichota upya na kulirusha juu kwenye vitako vya begi, yaani vumbi lilelile linapiga begi mara mbili tatu. Na rotari valvu ikiwa imelika mabawa, hewa ya nje inafyonzwa kwenda ndani, inapanda juu kinyume na vumbi linaloshuka, halishuki. Weka mkono karibu na maungio ya hopa wakati feni inafanya kazi, au shika kipande cha karatasi laini, ukiona kinavutwa ujue hapo pana kazi. Angalia pia kama vitako vinagongana, keji, ile fremu ya nyaya inayovalishwa begi, ikipinda kidogo tu juu, kule chini mita tatu inakwenda kugusa jirani yake, hapo utaona begi mbili zina alama ya kusuguana zikitazamana, usawa uleule.

Zangu zinatoboka juu, sio chini. Tundu ni refu kama mchirizi, upande mmoja tu.

Hiyo ni bomba la kupulizia limehama. Pale juu kila safu ina bomba lenye vitundu, na kila kitundu lazima kitazame katikati ya mdomo wa begi yake, likizunguka kidogo au likilegea kwenye klampu, ule upepo wa kompresa unapiga ukuta wa begi badala ya kushuka katikati, na mahali pamoja panapigwa siku nzima. Baada ya kila kazi ya kubadilisha begi watu wanarudisha mabomba harakaharaka shifti inaisha, na tatizo linaanzia hapo. Chukua fimbo iliyonyooka inayoingia kwenye kitundu, iache ining'inie, uone inaelekea wapi. Kama bomba limerudishwa sawa na bado panatoboka, kagua venchuri, ile faneli ndogo ya mdomoni mwa begi, ikiwa imekatika au imekaa upande ni madhara yaleyale.

Kaka naomba ushauri. DP (tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande msafi wa filta) imepanda, supavaiza anasema tuongeze presha ya hewa mpaka bar 8 na tupunguze muda wa taima ili begi zijisafishe zaidi. Nina wasiwasi.

Wasiwasi wako ni wa haki kabisa, na naomba umwonyeshe supavaiza haya maandishi kwa heshima. Kinachochuja vumbi sio kitambaa peke yake, ni ule utando mwembamba wa vumbi uliokaa juu ya kitambaa. Ukipiga sana unaung'oa wote, begi inabaki uchi, vumbi laini linapenya katikati ya nyuzi linakaa humohumo, na DP badala ya kushuka inapanda, halafu mnaongeza tena presha, mnazidi kuzama.

Twende kwenye hesabu. Kila hewa ikipigwa, begi inavimba inaachana na keji kisha inarudi kuigonga. Chukua filta yenye safu 20, taima inapiga safu moja kila sekunde 10, kwa hiyo kila begi inapigwa kila sekunde 200, hiyo ni mara 432 kwa siku, kwa mwaka zaidi ya 157,000. Kila pigo ni begi kugongwa kwenye nyaya. Sasa mkipunguza taima iwe sekunde 5 mmezidisha mara mbili, mmekula nusu ya maisha ya begi na hakuna mlichopata.

Fanyeni hivi. Presha kwenye tangi la hewa bar 5 mpaka 6 inatosha filta nyingi za aina hii, fuateni kitabu cha mtambo wenu. Muda wa valvu kufunguka uwe kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, upepo mfupi mkali, kuiacha wazi muda mrefu ni kumwaga hewa tu. Na kama kontrola inaruhusu wekeni isafishe kwa kufuata DP, ianze ikifika tuseme milimita 130 za maji na isimame ikishuka 100, isipige usiku kucha wakati kinu hakina mzigo. Lakini kabla ya yote hayo hakikisheni geji yenyewe inasema kweli, vile vimirija vyake vinaziba vumbi na kuonyesha namba za uongo, vipulizeni kwanza. Halafu simama juu ya filta usikilize, kila safu inatoa mlio mkavu mkali, ukisikia moja inatoa pumzi hafifu au iko kimya kabisa hiyo diaframu ya valvu imepasuka au solenoidi, ile koili ya umeme inayofungua valvu, imekufa, na safu hiyo haijasafishwa labda kwa wiki nzima. Safu tatu zikifa DP inapanda, na mnakwenda kuzichapa safu 17 nzima kwa kosa la hizo tatu. Hiyo inaniuma sana kuiona.

Jambo lingine, ulizeni kama kuna mtu aliongeza spidi ya feni. Filta yenye begi 240 za kipenyo cha milimita 150 na urefu wa mita 3 ina kitambaa kama mita za mraba 339. Feni ikivuta mita za ujazo 30,000 kwa saa, kila mita ya mraba inapitisha karibu mita za ujazo 1.5 kwa dakika, na kwa vumbi la saruji mimi ningependa iwe karibu na 1. Hapo hakuna taima itakayowaokoa, kinachotakiwa ni kuongeza begi au kupunguza hewa.

Tunayeyusha chuma chakavu. Begi zina vitundu vidogo vidogo vya mviringo, pembeni pagumu peusi. Ni polista. Tukiweka za bei kubwa zaidi itaisha?

Hizo ni cheche dada yangu. Ukigusa ukingo wa tundu na kidole ni mgumu kama plastiki iliyoyeyuka ikaganda, ndio alama yake. Kitambaa ghali peke yake hakitakuokoa. Polista inavumilia joto la kama nyuzijoto 130 mfululizo, aramidi inafika 200 hivi, faibaglasi 260, lakini cheche ina joto kuliko hizo zote na inatua sehemu moja, hata aramidi itaungua pale. Cheche inatakiwa ife njiani: urefu wa bomba, kona, saikloni au boksi la kutulizia hewa kabla ya filta, ili chembe nzito zianguke na kupoa. Hilo likikaa sawa ndio uangalie joto la mlangoni, kama linazidi 130 mara kwa mara badilisha kitambaa au ruhusu hewa ya nje ichanganyike. Ukichagua faibaglasi kumbuka haipendi kukunjwa, keji yake iwe na nyaya nyingi, 20 hivi, na begi ikae imebana vizuri, ukitumia keji za polista zenye nyaya 10 au 12 utaivunja nyuzi kwa kuichezesha.

Begi moja ikitoboka nibadilishe moja au zote? Bosi hataki kusikia habari ya kununua seti.

Cha kwanza usiiache. Watu wanaona moshi kidogo kwenye chimni wanasema tutashughulika mwisho wa mwezi, kumbe vumbi limeshapita upande msafi, linatua juu ya sahani ya matundu inayoshikilia midomo ya begi, na kila upepo ukipigwa linasukumwa kuingia ndani ya begi nzima za jirani. Ndani ya begi halina pa kutokea, linajaa kitakoni, begi inakuwa nzito na kusugua kwa ndani. Tundu moja linaua kumi.

Kama begi zote ni za umri mkubwa na imeharibika moja au mbili, ziba ule mdomo kwa kifuniko na uendelee, kwa sababu ukiweka mpya katikati ya zilizozeeka hewa yote inakimbilia kwenye ile mpya isiyo na utando, inaichosha kabla ya wakati. Kama seti yenyewe bado changa, weka mpya, haina shida. Ila zikishaanza kuzibwa nyingi, ujue hewa ileile inabanwa kwenye begi chache zaidi, hapo kaa na bosi umpigie hesabu ya siku moja ya kinu kusimama.

Tundu likiwa halionekani kuna ile poda inayong'aa, inavutwa na feni kutoka upande mchafu, halafu unazima, unafungua juu na kumulika taa ya bluu gizani. Penye uvujaji panawaka. Mara nyingi utakuta sio kitambaa, ni ile ringi ya mdomo haijakaa vizuri kwenye tundu lake.

Tunaweza kuziosha na sabuni tukarudishia?

Kwa saruji hapana, maji na saruji mnajua wenyewe kinachotokea. Vumbi zingine zinaruhusu lakini kitambaa kinasinyaa na nyuzi zinalegea, ukirudishia kwenye keji inabana vibaya.

Niko pwani, kipindi cha masika begi zinakuwa ngumu kama ubao, hasa tukiwasha asubuhi.

Umande. Hewa yenye mvuke ikikutana na chuma baridi inageuka maji, maji yanakutana na saruji, saruji inaganda ndani ya kitambaa, halafu kila pigo linalivunja lile ganda na kukata nyuzi pamoja nalo. Na polista ikikaa kwenye joto lenye unyevu inaoza polepole, utaivuta kwa mikono inachanika kama gazeti la zamani. Pasha filta moto na hewa kavu kabla vumbi halijaingia, ziba kila mahali panapofyonza hewa ya nje, milango yenye raba iliyokufa hasa, weka kifuniko cha kutunza joto kama hakipo. Kabla ya kusimama muda mrefu zima feni kuu na uache taima ipige dakika 10 au 15 ili begi zisilale na mzigo. Na mmwage maji ya tangi la kompresa kila shifti, kwa sababu kama hewa ya kusafishia ina maji na oili mnalowanisha begi kutoka ndani kwa mikono yenu wenyewe.

Begi mpya kabisa, miezi mitatu, zina mistari iliyochakaa ya kusimama.

Hiyo mistari ni nyaya za keji. Begi ni kubwa kwa keji, inapwaya, au keji ina kutu. Pima: begi ikiwa imevaa keji uweze kubana kitambaa kidogo kwa vidole viwili, ikikunjika mkunjo mnene ni kubwa mno, ukishindwa kubana kabisa imebana sana. Kabla ya kuvisha begi mpya chukua soksi ndefu ya nailoni ya kina mama, vaa mkononi na upitishe kwenye keji nzima juu mpaka chini, popote inaponasa pana kutu, waya uliokatika au welding iliyobaki na ncha. Nilifanya hivyo mahali fulani kwenye keji zilizopangwa ukutani tayari kurudishwa, soksi ilinasa kwenye keji ya tatu, ya nne, ya saba, na wote tulikuwa tumeziangalia kwa macho tukasema ni nzima. Keji yenye kutu usiipige brashi ukarudisha, itaota tena, tafuta nyingine.

Swali la mwisho, tutajuaje kama tunapiga hatua?

Chora ramani ya nafasi za begi zote kwenye karatasi ngumu, safu na namba, ibandike karibu na mlango wa filta. Kila begi ikibadilishwa andika tarehe na tundu lilikuwa wapi: juu, katikati, kitakoni, upande gani. Tumia kalamu isiyofutika. Na anayeingia ndani kuandika hayo, feni iwe imefungwa kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni kwake, hewa ya tangi imwagwe yote, na mtu mwingine abaki mlangoni.