Wenzangu wa benchi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ulipougua, ni msaada gani ulioupata ambao hukuutarajia?" Nimelisoma, nikampa mke wangu naye alisome, akasema, "Hili wamekuuliza wewe." Basi najibu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Muheza, umri miaka 67. Mwaka juzi niligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Usiku nilikuwa naamka mara nne, tano kukojoa, na mkojo wenyewe unatoka kwa kukatikakatika. Nikasema ni uzee. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kikasoma 46, namba ya juu, wakachukua vinyama kwenye tezi, majibu yakathibitisha. Nashukuru ilikuwa haijafika kwenye mifupa. Nikaanzishiwa sindano za homoni, ile ya tumboni ya kila miezi 3, kisha nikapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kupigwa mionzi. Mimi na mke wangu tukafikia kwa binti yetu Kimara.

Pole nilizipata nyingi, Mungu awalipe wote walionipa. Lakini anayekuja kukupa pole hajui akuulize nini, nawe hujui umweleze nini. Utamwambiaje shemeji yako kwamba suruali hulowa kabla hujafika chooni? Utamwambia nani kwamba hamu ya kuwa na mkeo imekwisha kabisa? Nilinyamaza. Wanangu wakipiga simu nawajibu "naendelea vizuri", na kwa miezi miwili hawakuwa na habari nyingine zaidi ya hiyo.

Nilipangiwa mionzi mara 20, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 4. Sharti mojawapo ni kibofu kijae, kwa sababu kikijaa husukuma utumbo juu, mbali na mionzi. Kwa hiyo unakwenda haja kwanza, unakunywa maji, halafu unakaa kwenye benchi unasubiri umebana. Siku ya tatu foleni ikawa ndefu. Nilikaza magoti, jasho likanitoka, mwisho nikalowa pale pale mbele ya watu. Mzee wa Kilosa aliyekuwa kando yangu akavua koti lake, akanifunika mapajani, akaninong'oneza: "Ndugu yangu, mimi ilinipata juzi. Usinywe maji yote kwa mkupuo mmoja. Uliza kwanza mbele yako wako wangapi." Akafungua mkoba wake, akanionyesha ndani: suruali ya akiba na pedi, zile zile za akina mama. "Nimefundishwa na yule," akamwonyesha kwa kidevu mzee wa tatu, mtu wa Mafia.

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Mionzi ya tezi alikuwa ameimaliza miaka 4 kabla yetu. Safari hii ugonjwa ulikuwa umeingia mifupani, amerudishwa kupigwa mionzi ya mgongo ili maumivu yatulie. Hakuwa na jambo la kutuficha. Mimi nilikuwa napandwa na joto kutoka kifuani hadi usoni, dakika chache, kisha jasho na baridi. Nilishapima malaria mara mbili. Yeye akanieleza kwamba ni sindano: inakata homoni ya kiume inayoilisha saratani, ndiyo maana mwanaume anapata joto lile lile wanalolipata wanawake wanapokoma hedhi. Usiku huo nikamwambia mke wangu. Akanyanyuka, akalowesha kanga, akaikamua, akaniwekea shingoni. Kumbe ndivyo alivyokuwa akijifanyia mwenyewe miaka kumi nyuma, nami nimelala pembeni yake sijui lolote. Tulizungumza mpaka alfajiri, mambo tuliyokuwa hatujayazungumza tangu nianze sindano.

Tulipomaliza mionzi, sote watatu tukakubaliana kila miezi 3 tupigiane simu, kila mtu asome namba yake ya PSA. Yangu ya kwanza ikawa 0.9. Nilifurahi, hadi jirani yangu hapa Muheza, aliyefanyiwa upasuaji, aliponiambia yake haionekani kabisa kwenye kipimo. Wiki nzima sikupata usingizi. Daktari ndiye aliyenituliza: jirani yako tezi imeondolewa yote, hakuna kilichobaki cha kutengeneza PSA, wewe tezi ingali ndani, namba itashuka polepole, na inaweza hata kupanda kidogo halafu ikashuka tena. Kwa hiyo wenzangu mnaopeana majibu, tafadhali semeni na tiba mliyopata. Namba tupu inatisha watu.

Ya mzee wa Mafia ilikuwa inapanda. Alisoma 112, mara iliyofuata 260. Mimi nikaona haya kumsomea yangu. Muda wa simu ukafika, sikupiga. Akapiga yeye.

"Mbona kimya? Nisomee."

Nikababaika, nikaanza habari za mvua.

"Ya kwangu naijua," akasema. "Nataka kuisikia inayoshuka."

Nikamsomea: 0.3. Akairudia taratibu, kama mtu anayeiandika.

Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume Baltimore, Marekani, Ikulu ilitangaza na nchi nzima ikajua. Nakumbuka tulivyolijadili ofisi ya walimu siku mbili, kisha tukaliacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kupima, nami nikiwemo. Tuliiona habari ya mkubwa, si yetu. Sasa hivi najua kwamba mwanaume mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Nimewaita wadogo zangu wote wawili nikawaambia yote, pamoja na habari ya benchi na koti.

Mzee wa Mafia alifariki kabla ya Ramadhani. Miezi 3 yetu ilipotimia, simu yake ikaniita. Nilishtuka kuliona jina lake. Alikuwa mwanawe.

"Baba mdogo, shikamoo. Baba aliacha daftari, lina namba zenu. Alisema tarehe ya leo nikuulize."

Nikamsomea: 0.2. Nikamuuliza umri wake, akasema 48. Nikamuuliza kama yeye ameshapima. Akanyamaza, kimya kile ninachokijua vizuri. Nikamweleza kwamba anaanza na damu tu, na kile kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, wanachokiogopa wengi, daktari akikitaka hakizidi dakika moja.

Wiki mbili baadaye akapiga tena, hata salamu haikukamilika.

"Baba mdogo, 1.4. Daktari amesema nirudi mwakani. Nimeiandika chini ya zenu."