Minyoo kwenye tangi la samaki, na konokono wa ziwani

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ameweka tangi la samaki wa mapambo sebuleni. Juzi nimeona minyoo myeupe, myembamba kama uzi, ikijipindapinda kwenye kioo. Mwanetu wa miaka 4 hupenda kutumbukiza mikono humo. Samaki tulinunua dukani. Majani na konokono mume wangu alitoa ziwani. Je, minyoo hiyo inaweza kumwingia mtoto?
Mama, Ilemela, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Minyoo ya uzi kama hiyo kwa kawaida hula mabaki ya chakula, haimwingii mtu. Ikizidi, ujue mnawalisha samaki kupita kiasi. Hata ile myekundu inayochungulia kwenye tundu la haja la samaki humdhuru samaki tu.

Kilichonishtua ni konokono. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na mayai ya kichocho niliyoyaona kwenye hadubini mengi yalitoka kwa watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria. Konokono mwenye maambukizi hutoa mabuu yasiyoonekana kwa macho, hasa penye mwanga, nayo hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, hata pasipo kidonda. Si kila konokono anayo, lakini kwa kumtazama tu huwezi kujua.

Kwa hiyo mtoto asiguse maji hayo tena. Mume wako avae glavu ndefu za mpira, awahamishe samaki, atupe konokono wote pamoja na majani, maana wadogo hujificha humo. Maji yamwagwe, kokoto na tangi vikauke kabisa juani.

Mpeleke mtoto kituo cha afya na ueleze habari ya konokono. Kichocho cha ziwa hilo ni cha tumbo, hupimwa kwa choo. Mayai huchukua kama wiki 6 au zaidi kuonekana, hivyo kipimo cha leo kikiwa safi usitulie. Mrudishe baada ya miezi 2 au 3. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu vizuri.

Tena mume wako akiwa na mchubuko mkononi, asiuingize kwenye tangi. Kuna bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Huleta vinundu vya mkononi visivyopona, na dawa zake hunywewa kwa miezi. Akiona kinundu, amwambie daktari kwamba anafuga samaki, kwa sababu asiposema, daktari hatawaza kumuuliza.