Pesa Umeweka Akiba, Mchana Je?

Miezi michache kabla sijastaafu tulipelekwa semina. Siku tatu, chai na sambusa, kalamu ya bure. Mtoa mada wa kwanza alitufundisha kuku wa mayai. Wa pili akaja na vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na hati fungani. Wa tatu akatuonya tusije tukaoa mke wa pili kwa kiinua mgongo; ukumbi mzima ukacheka, na wawili watatu ninaowajua wakacheka kwa kuchelewa. Maswali yote yalikuwa ya kikokotoo: kwa mkupuo nitapata ngapi, ya kila mwezi itabaki ngapi. Mimi pia niliuliza, tena mara mbili. Hakuna aliyeuliza kwamba Jumatatu ya kwanza, ikifika saa tatu asubuhi, mtu anakuwa wapi.

Mimi nilikuwa getini.

Nimefanya kazi bandari ya Tanga miaka 32, mingi kati ya hiyo nikiwa karani wa kuhesabu shehena. Vijana wa leo wanaona meli imefunga gatini kwa sababu kina kimechimbwa hadi mita 13. Enzi zetu meli zilitia nanga hukooo, mzigo ukaletwa kwa matishari, na sisi makarani tukaenda na matishari hayohayo, daftari tumelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Ukirudi nyumbani unanuka dizeli na mkonge. Nilistaafu mwaka 2021 nikiwa na miaka 60, umri wa lazima. Ningeweza kuondoka kwa hiari nikiwa na 55, lakini kipindi kile ungenitajia jambo hilo tungekosana.

Sasa Jumatatu ile. Nikavaa shati la kazi, nikapanda baiskeli, nikajiambia naenda kufuata karatasi fulani kwa mwenzangu. Hakukuwa na karatasi. Getini nikamkuta mlinzi mgeni, kijana mdogo, hanijui simjui. "Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?" Nikasimama na baiskeli yangu natafuta jina la mtu, sikulipata. Nikamwambia samahani mwanangu, nimekosea. Nimekosea vipi geti nililoingia miaka 32? Kijana wa watu hakuwa na kosa, aliuliza kama anavyotakiwa kuuliza. Nikaenda kukaa pale mahali panapotazama bandari, nikaanza kuhesabu vyombo. Meli mbili, na jahazi moja linapita mbele ya kisiwa cha Toten. Nilipomaliza nikatazama saa: tatu na nusu. Mpaka adhuhuri kulikuwa na safari, na vya kuhesabu vimekwisha.

Kwa hiyo wewe uliyebakiza miaka miwili au mitano, habari za pesa waulize wanaozijua. Mimi nataka tuzungumze habari ya mchana.

Kwanza kabisa, nyumba yako huijui. Najua umeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Yangu ya Chumbageni nimeijenga kwa miaka tisa. Lakini nilikuwa naijua nyumba ya alfajiri na ya magharibi, na ya Jumapili. Nyumba ya saa nne asubuhi ilikuwa ya watu wengine kabisa. Mke wangu anauza vitumbua tangu watoto wakiwa wadogo. Akimaliza kuuza, wanakuja wenzake barazani: huyu anasuka, huyu anachambua mchele, na Jumatano wana kikoba chao. Hapo wanapeana habari za mji mzima. Mimi nikaja na kiti changu na gazeti langu, nikakaa katikati yao. Wakavuta mitandio, wakanisalimia vizuri, mazungumzo yakafa. Nikadhani wananiheshimu. Siku ya nne hawakuja.

Wiki ya pili nikafanya vibaya zaidi. Nilianzisha ukaguzi. Mafuta ya kula yamekwisha kwa siku ngapi, gunia la mkaa limedumu muda gani, sukari inakwenda wapi. Nikanunua daftari, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu, safu ya kuingia na safu ya kutoka, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye tishari. Mke wangu akaniacha siku mbili. Siku ya tatu akalichukua lile daftari, akaliweka juu ya kabati nisikofika bila stuli, akaniambia kwa upole uliotisha kuliko kelele: "Baba watoto, jiko hili lina karani wake, na hajaomba kustaafu."

Tulicheka baadaye sana. Wakati ule sikucheka.

Tukakaa jioni moja tukaelewana, jambo ambalo tungelifanya mwaka mmoja kabla. Kuanzia saa tatu hadi saa saba, baraza ni lao. Mimi niwe nje au uani. Jikoni siingii na kalamu. Halafu mke wangu akanipa kazi moja ya nyumba iliyo yangu kweli: samaki. Jumanne na Ijumaa nakwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, wanapoteremsha. Usidhani kazi hiyo ni ndogo. Tangu nioe sikuwahi kununua samaki; mara ya kwanza nikarudi na changu mkubwa, nimefurahi na bei niliyopata. Mke wangu akambonyeza kwa kidole gumba, nyama ikabaki na shimo. Akafunua shavu, matamvua yamekuwa rangi ya majani ya chai. "Huyu kalala," akasema, "tena kalala siku mbili." Ilinichukua kama miezi mitatu kujua kutazama jicho, kubonyeza, kunusa, na kumjua muuzaji wa kumwamini. Sasa wananiita jina pale. Mkishastaafu msiseme tutaona. Kaeni mapema mgawane nyumba, mgawane na saa.

La pili ni watu. Nilikuwa na simu inayoita mpaka betri inaisha kabla ya adhuhuri. Kundi la WhatsApp la idara peke yake lilikuwa na ujumbe mia kwa siku. Baada ya kuagwa, kwa keki na saa ya ukutani (kwa nini saa, sijui, mtu ndiyo kwanza amepata saa za kumwaga), wakanitoa kwenye kundi kwa sababu ni la kazi. Sawa kabisa. Mwezi mmoja baadaye walionipigia kwa uhakika walikuwa kampuni ya simu, wanataka nijiunge na mwito wa wimbo. Sisemi wenzangu ni wabaya. Tulikuwa tumeunganishwa na mzigo, mzigo ukaisha.

Nikasema basi, mtaani kuna watu. Mtaani watu wapo, lakini nilikuta na hesabu yao. Miaka yote ile mtu akifiwa nilikuwa natuma mchango kwa simu, mwingi tu, kuliko wengi. Kuzika nilikwenda ikiangukia Jumapili. Wenyewe hawakunisema kwa ubaya, ila mzee mmoja wa msikitini aliniambia neno ambalo bado linanichoma: "Pesa yako tulikuwa tunaijua sura, wewe ndiyo tunakuona leo." Ukiwa bado kazini omba ruhusa, nenda ukazike. Kaa chini kwenye mkeka na watu, shika jembe. Kuna vitu mtaa hauvipokei kwa M-Pesa.

Vilevile kijiwe. Nilidhani kijiwe ni mahali pa watu wasio na kazi, kwamba nikistaafu nitajiunga tu kama mtu anavyopanda daladala. Kijiwe nilichokwenda kipo Ngamiani, chini ya mwembe, pembeni ya kibanda cha fundi baiskeli. Tanga mnajua wenyewe, mji wa baiskeli. Fundi mzuri ana wateja kuliko daktari. Pale pana bao, bao lenyewe la kiswahili, la mashimo 32 na kete 64. Utotoni nilikuwa nalicheza, nikaomba zamu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuheshimiwa. Nikapangiwa fundi mwenyewe, kijana wa miaka 30 na kitu, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko. Unaweka sita kwenye nyumba, mbili, mbili, unabaki na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja kila zamu. Sikuzimaliza zile 22. Bado ninazo kiganjani, upande wangu wa mbele umekuwa mtupu, mchezo umekwisha. Watu wakanyamaza kwa adabu, na kunyamaza kule kuliniumiza kuliko wangecheka. Fundi akasema, "Mzee, kesho."

Nikarudi kesho, na kesho kutwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu wa kungoja zamu, kununua kahawa na kashata, kusikiliza ubishi wa Coastal na African Sports wa mechi zilizochezwa Mkwakwani kabla fundi hajazaliwa. Cheo changu cha bandarini hakikunifaa kitu pale. Kisha siku moja fundi akawa na kazi nyingi, akanipa ringi: "Mzee, shika hapa." Nikashika. Akanionyesha kukaza spoku nusu zungusho, kuzungusha ringi mbele ya kipande cha chaki, kutazama inapogusa, kulegeza upande huu, kukaza upande ule. Ringi ya kwanza niliiharibu, ikawa kama yai. Ya nne au ya tano ikazunguka bila kugusa chaki, nikabaki naizungusha tu, kama mtoto. Hiyo ndiyo kazi yangu ya asubuhi sasa. Ananilipa chai, akiona nimechelewa ananipigia. Hicho cha kupigiwa kwamba umechelewa, hutakijua thamani yake mpaka ukikose.

Kwa hiyo ushauri wangu hapa uko wazi: tafuta kitu ambacho wewe ni mwanafunzi, na ukianze kabla ya barua ya kustaafu. Kushona nyavu, bustani, kwaya, kurekebisha redio, chochote, mradi kuna mtu anakungojea saa fulani. Ukisubiri ustaafu ndipo uanze, utaanza ukiwa na majonzi, na mwanafunzi mwenye majonzi hafundishiki.

Tahadhari moja. Mtaa ukishajua umestaafu na unajua hesabu, watakupa uweka hazina wa kila kitu: msikiti, ukoo, kikundi cha kuzikana, kamati ya harusi ya mtoto wa mtu usiyemjua. Mimi kwa kiu ya kutakiwa nilikubali vyeo vinne ndani ya mwezi. Nikawa na vikao kuliko nilivyokuwa bandarini, na lawama bila mshahara. Nimebaki na kimoja, madrasa. Vile vingine nilivirudisha kwa kisingizio cha presha, ambayo kwa kweli ninayo, maana vikao hivyo vilikaribia kuniletea nyingine.

Kuhusu kurudi kwenu kijijini, sina mengi. Mwenzangu mmoja alijenga Lushoto nyumba nzuri ya kustaafia, akahama na makabati yote. Baridi ile alikuwa ameisahau, na marafiki wa utotoni nusu wameshazikwa. Baada ya miezi minane karudi Tanga, anapanga vyumba viwili, na nyumba ya Lushoto anaishi mlinzi. Nenda ukae mwezi mzima kwanza, tena mwezi wa Julai, ndipo uhamishe kabati.

Na mwili usiusahau. Meno, macho, magoti, presha: vishughulikie ukiwa bado na bima ya kazini na ratiba. Mimi alfajiri natembea hadi Raskazone na kurudi. Nilianza kwa kulazimishwa na daktari, sasa naendelea kwa sababu njiani kuna watu wa kusalimiana nao.

Jambo ambalo natamani ningelifanya ni dogo sana. Kwa sheria una siku 28 za likizo kila mwaka. Mimi nilikuwa nazitumia kusafiri harusini, au naziacha. Chukua mwaka mmoja likizo hiyo, ubaki mjini, na ujifanye umestaafu. Simu ya kazi zima. Usisafiri, usijenge, usipake rangi ukuta. Amka, kunywa chai, kisha tazama unakwenda wapi. Utaona ni siku ya ngapi unaanza kuhesabu sukari ya watu.

Kuna kijana wangu wa zamani pale bandarini, amebakiza miaka miwili, ameanza kunipigia ananiuliza habari za mafao. Nikamwambia njoo Jumamosi kijiweni, njoo na baiskeli yako, tutazungumza. Hakuja, alisema kuna kikao. Nimemwambia Jumamosi ijayo. Fundi kasema atampangia zamu ya kwanza, na kete zake 22 ameshazitenga kwenye kikopo.