Limau kwenye sosi ya nyanya: usiliruke

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha limau kwenye sosi ya kuhifadhi chupani kwa kuwa nyanya za bustani yako ni chachu tayari. Usiache. Uchachu hutofautiana kwa aina na uivaji. Nyingine huvuka pH 4.6 (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua), na hapo bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu inayoweza kuua, wanaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa bila harufu wala ladha kubadilika. Tia vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau kwa kila chupa ya lita 1, au kijiko 1 kwa nusu lita. Tumia yale ya dukani, si ya kukamua mwenyewe, maana ukali wake haubadiliki. Ukiona sosi imekuwa kali, sukari kidogo inatosha.

Vitunguu na mafuta uliyotaja viweke siku ya kula. Vinapunguza usalama wa mapishi haya. Ukivitaka humo humo, gandisha sosi kwenye friza badala ya kuihifadhi chupani.

Acha nafasi ya sentimita 1 na kidogo juu ya sosi, funga, kisha zamisha chupa kwenye maji yanayotokota: dakika 35 kwa nusu lita, 40 kwa lita. Ukiishi nyanda za juu, ongeza muda. Kesho yake bonyeza kifuniko: kikibonyea na kurudi juu, hakikufunga vizuri, sosi hiyo iende friji.