Kimya cha muuguzi si ridhaa: ushauri kwa wanaohudumia wagonjwa mahututi

Usiku mmoja, katika miaka yangu ya mwanzo katika wodi ya wagonjwa mahututi, nilikuwa na mgonjwa wa mashine ya kupumulia ambaye mkojo wake ulianza kupungua. Alikuwa na kilo 70 hivi, kwa hiyo nilitarajia angalau mililita 35 kwa saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo, lakini mfuko ulipokea mililita 20, saa iliyofuata 15, kisha 10. Niliandika kila kitu kwenye chati, na daktari wa zamu alipopita nikamwambia, "Dokta, mgonjwa wa kitanda cha nne mkojo wake si mzuri sana." Akajibu kwamba tutamtazama asubuhi, nami sikuongeza neno. Kulipokucha figo zilikuwa zimeshaathirika, na mgonjwa yule, ambaye namshukuru Mungu alipona, alikaa kwetu wiki nyingi akisafishwa damu kwa mashine.

Tulipokaa kulizungumza jambo hilo, daktari alishangaa kwa dhati kusikia kwamba nilijiona nimepuuzwa. Yeye aliamini tulikuwa tumeshauriana na kukubaliana, kwa kuwa sikupinga.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma utafiti wa Eric Thomas na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ambao uliwauliza madaktari 90 na wauguzi 230 wa vitengo vinane vya wagonjwa mahututi katika eneo la Houston, Texas, nchini Marekani, wanauonaje ushirikiano wao. Asilimia 73 ya madaktari walisema ushirikiano na mawasiliano yao na wauguzi ni ya kiwango cha juu au cha juu sana. Kwa upande wa wauguzi, waliosema hivyo kuhusu madaktari walikuwa asilimia 33 tu. Wauguzi walieleza kwamba ni vigumu kusema wazi, kwamba mabishano hayamalizwi ipasavyo, na kwamba mchango wao haupokewi vizuri. Mazingira ya Houston si ya kwetu, lakini nilipozisoma takwimu hizo niliuona usiku wangu wa kitanda cha nne. Sidhani madaktari wale walisema uongo, maana anayetoa maagizo na kuona yakitekelezwa bila neno huona amani, ilhali anayeyatekeleza ndiye anayejua ni mangapi ameyameza.

Hapa kwetu Tanzania kuna mambo mawili yanayoongeza ugumu. La kwanza ni adabu tuliyolelewa nayo, inayomfanya muuguzi wa miaka 25 aone haya kumkosoa daktari bingwa ambaye asubuhi amempa shikamoo. La pili, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, ni lugha: usiku mzima tumeongea Kiswahili na mgonjwa, ndugu zake na wenzetu wa zamu, kisha raundi ya asubuhi inaendeshwa kwa Kiingereza, na muuguzi aliyekesha na mgonjwa akiulizwa swali anajibu kwa maneno matatu. Nimewaona wauguzi hodari sana wakionekana hawajui kitu kwa sababu hiyo pekee, na inaniuma.

Kwako muuguzi, ushauri wangu wa kwanza ni kuacha maneno yanayoacha mlango wazi, kama "si mzuri sana". Usiku ule nilipaswa kusema hivi: "Dokta, mgonjwa wa kitanda cha nne ametoa mililita 45 tu kwa saa tatu, na ana kilo 70. Nina wasiwasi na figo zake. Naomba uje umwone sasa." Maneno hayo yana tarakimu, yana tafsiri yangu, na yana ombi ambalo daktari analazimika kulikubali au kulikataa. Akilikataa na wasiwasi wako ukabaki, rudia mara ya pili kwa sauti ileile ya heshima, kisha mwarifu kwamba unampigia bingwa wa zamu. Mwambie yeye kwanza, asije akasikia kwa mwingine. Andika saa na jibu ulilopewa.

Kwako daktari, naomba umuulize muuguzi kabla ya kufungua faili, kwa lugha anayoimudu, na umuache amalize. Usimkaripie mbele ya ndugu wa mgonjwa, kwa sababu aliyekaripiwa leo atanyamaza kesho.

Hata hivyo ujasiri wa mtu mmoja hautoshi bila uongozi kusimama nyuma yake. Katika mradi wa vitengo vya wagonjwa mahututi vya jimbo la Michigan, huko huko Marekani, ulioongozwa na daktari Peter Pronovost na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, hatua za kuweka mrija katika mshipa mkubwa wa damu zilikuwa rahisi kabisa: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), daktari kuvaa mavazi kamili ya kujikinga na kumfunika mgonjwa kwa shuka safi lisilo na vijidudu, kuepuka mshipa wa kinena, na kuondoa mrija usiohitajika. Jambo kubwa kwangu ni kwamba wauguzi walipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, isipokuwa penye dharura. Maambukizi ya damu yatokanayo na mirija hiyo yalipungua kwa hadi asilimia 66 katika miezi 18. Matroni na mganga mfawidhi wanaweza kutoa mamlaka kama hayo kwa waraka wa ukurasa mmoja, na wasipoutoa, kumwambia muuguzi awe jasiri ni kumtwisha mzigo usio wake.

Mimi ninayoyamudu ni ya zamu yangu. Muuguzi mpya anapoanza kwetu, simu yake ya kwanza kwa daktari huipiga nikiwa nimesimama kando yake. Akimaliza namuuliza amepewa jibu gani, na daktari amesema atafika saa ngapi. Kama hawezi kunijibu, anapiga tena.