Kabla ya Kununua Kikoa cha Herufi za Kiarabu, Soma Jedwali la Sajili

Wiki hii msomaji ameniandikia: amelipia jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa herufi za Kiarabu, lakini baadhi ya wateja wakiliandika, tovuti haifunguki. Nilimjibu papo hapo, maana yalinikuta hayohayo na bado yananiuma.

Jina langu lilikuwa na neno كتاب. Mwenye kibodi ya Kiajemi akiliandika hupata کتاب. Yatazame tena. Jicho halioni tofauti, kwa kuwa kafu, herufi ya K, ya mwanzo wa neno huchorwa namna moja. Kompyuta huona herufi mbili, kila moja na namba yake: ya Kiarabu ni U+0643, ya Kiajemi ni U+06A9. Basi ni majina mawili, na la pili lilikuwa na mwenyewe. Kampuni iliyoniuzia ilipokea pesa bila kunidokezea neno.

Leo nina jina jingine, linafunguka kwa kibodi zote mbili, na najivunia. Nililipata kwa kusoma kanuni.

Kanuni mama ya majina ya kikoa yasiyo ya herufi za Kilatini ni IDNA2008, iliyochapishwa mwaka 2010. Jina lako hugeuzwa kwa Punikodi, njia ya kuliandika kwa herufi za Kilatini, likaanza na xn--; hata .рф ya Urusi, ndani ya mfumo, ni xn--p1ai. Kila kipande kati ya nukta kisizidi herufi 63, na huhesabiwa baada ya kugeuzwa. Imoji haziruhusiwi. Jina la Kiarabu halianzi na tarakimu, wala ٤ ya Kiarabu haikai kipande kimoja na ۴ ya Kiajemi.

Juu ya hapo kila sajili, yaani taasisi inayosimamia majina ya mwisho mmoja kama .рф, huweka masharti yake. Sajili ya .рф hupokea Kisirili tu, herufi za Kirusi. Zipo zinazozihesabu kafu mbili kuwa jina moja: ukichukua moja, ya pili hufungwa au huwa yako. Nunua huko! Jedwali la herufi zinazokubaliwa lisome kabla hujatoa hata senti, ndugu yangu, usimsubiri muuzaji akusomee.

Na usichanganye maandishi. Hata lisilochanganywa laweza kudanganya: mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina la Kisirili kitupu ambalo vivinjari vya Chrome na Firefox vililionyesha kama apple.com. Vivinjari vina haki ya kushuku, na jina likishukiwa mteja huonyeshwa xn-- badala ya jina lako.

Barua pepe bado ina tabu. Viwango vyake vipo tangu 2012, lakini fomu nyingi hukataa anwani ya herufi hizi, kwa hiyo ya kazi nimeiacha kwenye kikoa cha Kilatini.